Jangwa moja linatosha

*Yaya, kazi yangu ni picha za harusi na matanga, ila ninachopenda hasa ni mandhari. Mimi, shemeji yangu na rafiki mmoja tunataka kwenda Namibia mwezi wa saba kwa Land Cruiser ya shemeji. Tuna wiki mbili: Etosha, Pwani ya Mifupa, Sossusvlei na Fish River. Malori ya shaba tunayaona Likasi kila siku, na mengine huteremka hadi bandari ya Walvis Bay, kwa hiyo njia si ngeni. Shemeji ana droni. Tupange vipi?*
*Mpiga picha, Kambove*

Mdogo wangu, njia mnaijua lakini hamjaihesabu. Mtatoka Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, mkate Zambia kwa Chingola, Lusaka na Livingstone, mvuke Zambezi pale Sesheke na kuingia Katima Mulilo, kisha Rundu, Windhoek, ndipo Sesriem, lango la Sossusvlei. Ni karibu kilomita 3,000 za kwenda tu. Usiku msiendeshe, maana kati ya Katima na Rundu barabara inapita ndani ya hifadhi ya Bwabwata na tembo huvuka wanapojisikia. Mkienda kilomita 500 kwa siku, mchana peke yake, ni siku 6 kwenda na 6 kurudi. Katika wiki zenu mbili zinabaki siku 2, na hapo bado hujahesabu mpaka wala pancha.

Ombeni wiki tatu, halafu mfute majina. Etosha ni ya wanyama, na wewe hukuniandikia habari za simba. Fish River iko kusini kabisa. Pwani ya Mifupa ina ukungu mzuri, lakini hauji kwa miadi. Bakizeni Sossusvlei, na mlale huko usiku 4 mfululizo.

Mlale wapi? Ndani ya geti la Sesriem, hata kama kambi ya nje ni nafuu. Aliyelala ndani huruhusiwa kuondoka saa moja kabla ya jua kuchomoza. Wa nje husubiri jua. Mbele yenu kuna kilomita 60 za lami, kisha kama 5 za mchanga mtupu ambako wengi hukwama. Punguzeni upepo wa matairi kabla ya kuugusa mchanga huo, na pampu iwe garini. Baada ya hapo ni mwendo wa miguu hadi Deadvlei: uwanda wa udongo mweupe uliopasukapasuka, na miti ya mgunga iliyokufa karne nyingi zilizopita, imesimama myeusi kwa sababu hewa ni kavu mno hata kuoza haiwezi. Jua linapopanda, tuta la mchanga nyuma ya miti huwaka rangi ya chungwa huku chini bado pana kivuli. Picha yako iko hapo, na muda wake ni mfupi. Siku ya kwanza utahangaika kutafuta pa kusimika stendi ya kamera; ndiyo maana nasema usiku 4. Lenzi usibadilishe penye upepo. Makoti msisahau, kwani Julai usiku wa jangwani ni baridi kweli.

Siku zikibaki, ongezeni Kolmanskop, karibu na Lüderitz. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, aliokota almasi maeneo hayo, ukajengwa mji; kufikia 1956 watu walikuwa wamekwisha kuhama. Leo mchanga umejaa vyumbani hadi kwenye vitasa vya milango. Mtalii wa Berlin ataona nyumba za ajabu. Wewe wa Kambove, uliyezoea nyumba za kampuni ya madini, utaona jambo jingine, na ningependa kuiona picha hiyo kuliko matuta yote. Kuna kibali maalumu cha wapiga picha cha kuingia tangu alfajiri, kiulizieni Lüderitz.

Karatasi sasa. Viza za nchi zote mbili ziulizieni mapema, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano awe nayo kila mmoja. Bima ya kadi ya njano ya COMESA inafanya kazi Zambia. Namibia haimo, huko mtalipia ushuru wa barabara mpakani. Kamera na lenzi ziandikisheni forodhani Kasumbalesa wakati wa kutoka, namba zake zote, mtu asije akawadai ushuru wa kuingiza mali mkirudi. Na kuanzia Kasumbalesa mkielekea kusini, gari linashika mkono wa kushoto. Asubuhi ya kwanza aendeshe aliyelala vizuri.

Droni ya shemeji ibaki Kambove. Hifadhi za Namibia haziiruhusu bila kibali, na mpakani begi lenye droni huzua maswali mengi kuliko gari zima. Akinuna, mpe stendi abebe.