Mgeni, Jembe na Lugha: Huduma ya Wanafunzi wa Kigeni Katika Vijiji Vyetu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitumia katika kijitabu chake kuhusu Ujamaa mwaka 1962, aghalabu hufasiriwa kuwa onyo dhidi ya uvivu. Makala haya yanadhamiria kuisoma upya kwa kumtazama mgeni wa aina ya pekee: mwanafunzi wa chuo kikuu cha ng'ambo anayekuja Afrika kwa muhula mmoja kusoma na kuihudumia jamii ya mashambani. Mgeni huyu hangoji siku ya tatu. Hufika na jembe lake begani. Je, anajua shamba analolilima ni la nani, na ni nani aliyemwomba alilime? Tunahoji kuwa jibu limo, kwa kiasi kikubwa, katika lugha.

Usuli wa suala

Mihula ya aina hii si jambo geni nchini Kenya. Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha Marekani, kwa mfano, kilianza kuwaleta wanafunzi wake mwaka 1974, na kukaa na familia za mashambani kukawa sehemu ya masomo yao. Hata kabla ya hapo, nia ya vijana wa aina hii ilikwisha kutiliwa shaka. Tarehe 20 Aprili 1968, mjini Cuernavaca, Mexico, Ivan Illich aliwahutubia vijana wa Marekani waliokuwa na azma ya kuhudumu vijijini. Aliwasihi waje kutazama na kujifunza, wala si kusaidia. Mojawapo ya hoja zake nzito ilihusu lugha: asiyeielewa lugha ya kijiji hawezi kujua anachokitenda wala wenyeji wanamwonaje.

Hata hivyo, tusidhani kuwa ugeni ni rangi ya ngozi. Mnamo Oktoba 1966, wanafunzi, wengi wao wa chuo kikuu, waliandamana mjini Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza wapatao 400. Naye Euphrase Kezilahabi, katika riwaya ya Kichwamaji (1974), alimsawiri Kazimoto, msomi wa chuo kikuu aliyekuwa mgeni miongoni mwa watu wake mwenyewe. Kwa hiyo, tunayoyasema kuhusu mwanafunzi wa ng'ambo yanatuhusu pia sisi tunaorudi nyumbani wakati wa likizo.

Sarufi ya kusaidia

Hebu tuyachunguze maneno tunayoyatumia kuitaja kazi hii. Lililozoeleka zaidi ni kujitolea. Mzizi wake unatokana na kitenzi toa, kikanyambuliwa katika kauli ya kutendea kuwa tolea, kisha kikapokea kiambishi -ji- cha kujirejelea. Tazama: nafasi ya mtendwa imekwisha kukaliwa na mtenda mwenyewe. Katika 'amejitolea' kijiji hakimo. Ukitaka kukitaja, sharti ukilete kwa maneno ya ziada.

Linganisha na kutumikia. Katika 'anawatumikia', wanakijiji wamo ndani ya kitenzi kupitia kiambishi -wa-. Aidha, anayetumikia hutarajiwa kupokea maagizo, kwani kitenzi hiki chatokana na tuma. Kusaidia nako kunamtaja anayesaidiwa, lakini kunamwacha akiwa mpokeaji tu. Ni kauli ya kutendana pekee, saidiana, inayowaweka mgeni na mwenyeji katika nafasi moja ya mtenda. Hii ndiyo maana ya ndani ya harambee na ya ujima: anayelimiwa leo ndiye mlimaji wa kesho. Sarufi haithibitishi tabia ya watu, lakini hutupa maswali mema ya kuwauliza.

Lugha kijijini

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa mkalimani wa kundi moja la wanafunzi wa kigeni katika eneo la Taita. Mkutano wa kwanza uliendeshwa kwa Kiingereza, na wazee wawili waliosoma wakajibu kwamba shule ilihitaji kupakwa rangi. Baadaye, akina mama walipozungumza kwa Kidawida huku Kiswahili kikiwa daraja, rangi haikutajwa hata mara moja. Shida yao ilikuwa maji. Lakini rangi ilikuwa imekwisha kununuliwa, na kuta zikapakwa.

Mfano huu una mafunzo mawili. Kwanza, Kiingereza humweka mgeni juu ya mwenyeji. Kiswahili, ambacho katika vijiji vingi vya bara wote wawili wamejifunza kama lugha ya pili, huwakutanisha pahali palipo sawa kiasi. Pili, Kiswahili pekee hakitoshi, kwani wapo nyanya zetu wasiokizungumza. Isitoshe, Kiswahili cha darasani nacho kina mitego. Aliyefunzwa Zanzibar kumwita mama mkongwe 'bibi' atachekwa akifika sehemu nyingi za Kenya, ambako bibi ni mke, naye mkongwe huitwa nyanya, neno ambalo jirani zetu wa Tanzania hulijua kama tunda la kupikia mchuzi.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi wageni wafungiwe mlango. Yanapendekeza mambo matatu. Mosi, wiki za mwanzo za muhula ziwe za kusikiliza na kujifunza lugha, bila mradi wowote. Hizo ndizo siku mbili za methali. Pili, hakuna fedha itakayotumika kabla ya kijiji kuulizwa kwa lugha yake. Tatu, sisi wanafunzi wa Kiswahili tujitokeze kuwa wakalimani na walimu wa wageni hawa, badala ya kuwaachia wenye magari ya watalii kazi hiyo.

Methali husema 'mpe jembe'. Anayelitoa jembe ni mwenyeji, na ndiye anayeonyesha pa kulima. Mgeni akilipokea kutoka mkononi mwake, huduma yake itakuwa na maana kwa wote wawili.