Ziwa Turkana Kwenye Ramani: Ziwa au Bahari?

Mkazi yeyote mwenye simu na intaneti anaweza kuchora barabara, kisima au zahanati kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Anayetoka Lodwar akichora kuelekea Kalokol hukutana na swali: ule ukingo wa maji uandikwe kuwa pwani au ziwa?

Kwenye ramani hiyo, pwani ni ya bahari. Mstari wake huchorwa nchi kavu ikiwa kushoto na maji kulia, na vipande vyote lazima viungane. Kimoja kikikatika, kompyuta haijui tena kavu iko upande gani, na marekebisho mapya huweza kuchelewa kuonekana. Ziwa ni umbo lililofungwa, na visiwa vyake, kama Kisiwa cha Kati, huachwa ndani yake kama matundu.

Ziwa Turkana lina urefu wa kilomita 250 hivi, mawimbi makali na maji ya magadi. Mvuvi aliyekumbwa na upepo wake akiliita bahari, nani atambishia? Lakini halina njia ya kutokea baharini, wala halipwi na kujaa kila siku. Liandikwe ziwa.

Kazi ngumu ni kujua mstari upite wapi. Miaka ya 1980 Ghuba la Ferguson lilikauka, kisha maji yakarudi. Karibu mwaka 2020 ziwa lilipanda tena na kufikia makazi ya watu. Picha ya setilaiti ya miaka iliyopita inaweza kuonyesha kavu mahali ambapo leo mtumbwi unapita, na anayepanga barabara au shule akiitegemea atakosea. Kwa hiyo mchoraji aangalie tarehe ya picha, na kabla ya kusogeza mstari awaulize wakazi wa Longech maji yamefika wapi.

Kakuma hakuna ziwa, ila kuna laga ya Tarach, ambayo ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Ikichorwa kama mto wa kudumu, mgeni atatarajia maji na kukuta vumbi. Isipochorwa kabisa, hatari ni kubwa zaidi, maana mtu atajenga njiani mwake, na mafuriko yake yamewahi kubeba nyumba. Ramani ina alama ya maji ya msimu, na ndiyo inayofaa hapo. Kingo zichorwe pale maji yanapofika laga ikijaa, jambo ambalo wazee wa kando yake wanaweza kuonyesha kwa kidole.