Kulea Matumbawe Ndani ya Tangi



Katika somo letu la sayansi la mwaka huu tutazungumzia kitu ambacho wengi wetu tunakiona kila maji yanapokupwa, tunakikanyaga kwa kandambili na kuendelea kutafuta pweza. Kitu hicho ni matumbawe. Lakini safari hii hatutayatazama yakiwa baharini. Tutayatazama yakiwa ndani ya nyumba, katika matangi makubwa ya vioo huko nchi za mbali, ambako watu huajiriwa kwa mshahara wafanye kazi ambayo bahari yetu huifanya bure usiku na mchana. Katika hesabu zao ndipo tutaiona kazi hiyo ilivyo kubwa.

MATUMBAWE NI NINI?

Tumbawe si jiwe, wala si mti. Ni mkusanyiko wa wanyama wadogo sana waitwao polipu, wengi wao hawazidi punje ya mtama au ya mahindi. Kila mmoja ana mdomo mmoja katikati na vijikono pembeni vya kukamatia chakula. Wanaishi kwa maelfu, wamegandana, na kila mmoja hujenga chini yake kikombe cha jiwe liitwalo kalsiamu kabonati. Wanyama wakifa jiwe hubaki, na wengine hujenga juu yake. Ndiyo maana mwamba hukua.

Ndani ya nyama ya polipu huishi mwani wa chembe moja, usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenyeji wake. Rangi ya kahawia tunayoiona ni ya huo mwani. Maji yakipata joto kupita kiasi, polipu huutoa mwani nje, na tumbawe hubaki jeupe pe kwa sababu jiwe linaonekana kupitia nyama. Hali hiyo huitwa kupauka. Tumbawe lililopauka halijafa bado, lakini lina njaa, na joto lisipopungua kwa wiki kadhaa, litakufa.

Hapa nijibu swali ambalo bila shaka litaulizwa. Je, haya ndiyo marijani yaliyotajwa katika Surat Ar-Rahman? Baadhi ya wafasiri wamesema marijani ni lulu ndogo, wengine wamesema ni lile tumbawe jekundu la kutengenezea vito. Hilo jekundu hupatikana zaidi katika Bahari ya Mediterania, halina mwani ndani yake, na hukua hata penye giza. Si la jamii ya haya yajengayo miamba yetu. Swali la tafsiri tuwaachie masheikh wetu. Sisi turudi kwenye tangi.

MATANGI MATATU

Nyumba ya maonyesho ya viumbe wa majini huitwa akwaria. Ziko nyingi duniani, lakini zenye mwamba mkubwa wa matumbawe hai ni chache. Tutazitaja tatu.

Ya kwanza ilijengwa Townsville, Australia, ikafunguliwa mwaka 1987. Tangi lake la matumbawe lilikuwa na lita milioni 2.5, halina paa, likipata jua la mbinguni, na mashine ya mawimbi ikilitikisa. Akwaria hiyo ilifungwa mwaka 2021 ili ifanyiwe matengenezo. Ya pili iko katika bustani ya wanyama ya Burgers' Zoo mjini Arnhem, Uholanzi. Sehemu yake ya bahari ilifunguliwa mwaka 2000, na tangi la matumbawe lina lita 750,000 hivi. Ya tatu ni Steinhart Aquarium mjini San Francisco, Marekani. Jengo lake jipya lilifunguliwa mwaka 2008, na ndani yake mna tangi la lita 800,000 hivi, kina chake kama mita 7.6, mfano wa miamba ya Ufilipino.

Lita 800,000 ni mita za ujazo 800. Fikirini chumba cha mita 10 kwa 10 chenye kimo cha mita 8, kimejaa maji ya bahari mpaka juu. Kwa mtu ni maji mengi. Kwa bahari ni tone, na matatizo yote ya kazi hii yanaanzia hapo. Katika bahari uchafu kidogo hupotea. Katika chumba haupotei.

CHUMVI, MWANGA NA MWENDO

Arnhem iko mbali na pwani, kwa hiyo maji ya bahari hutengenezwa kwa kuchanganya maji matamu na chumvi maalumu. Si chumvi ya jikoni, kwani maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vitu vingine vingi. Kila lita hutiwa gramu 35 hivi. Zidisheni kwa lita 750,000 mtapata kilo 26,250, yaani tani 26 na robo za chumvi kwa kulijaza tangi mara moja tu.

Kisha maji hukauka. Yanayoruka hewani ni maji matupu, chumvi haifuati. Kwa hiyo kinachokauka hurudishwa kwa maji matamu yaliyosafishwa, na kipimo cha chumvi hutazamwa kila siku.

Mwanga ni taabu nyingine. Townsville walikuwa na jua. San Francisco tangi limo ndani ya jengo, na mwanga wa taa ukipita mita 7 za maji hupungua sana, hasa ule mwekundu. Kwa hiyo hufungwa taa zenye nguvu kubwa juu ya maji, na yale matumbawe yanayotaka mwanga mwingi hupandwa karibu na juu, yanayostahimili kivuli hupelekwa chini. Taa huleta joto, pampu nazo huleta joto. Basi lazima pawe na mashine ya kupoza maji yabaki kati ya nyuzi 24 na 27 hivi za selisiasi.

Tena tumbawe halina miguu. Haliwezi kufuata chakula wala kukimbia kinyesi chake. Mawimbi na mikondo ndiyo huliletea hewa na chakula na kuliosha. Kwenye tangi kazi hiyo ni ya pampu, na pampu ni ya umeme. Umeme ukikatika usiku, samaki na matumbawe wanaendelea kuvuta oksijeni na hakuna mwani unaoitengeneza gizani. Ndiyo sababu jenereta ya akiba si anasa katika nyumba hizo.

UCHAFU UNAKWENDA WAPI?

Samaki wakila hutoa amonia, nayo ni sumu. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na mchanga. Ndani zaidi ya mchanga, mahali pasipo oksijeni, wako wengine wanaoivunja naitreti ikawa naitrojeni ya hewani ikatoka zake. Yote hayo hutokea pwani kwetu chini ya nyayo zetu.

Wahudumu husaidia kwa njia mbili. Hupiga povu: maji huingizwa katika mnara pamoja na viputo vidogo vya hewa, uchafu hushikamana na viputo, povu chafu hupanda juu na kumwagwa. Mmewahi kuona povu la rangi ya chai ufukweni siku ya upepo. Ni jambo hilohilo. Aidha huweka walaji wa mwani, kama kangaja, tasi na konokono wa baharini. Mahali wasipokuwapo hawa, mwani mrefu huota upesi na kuyafunika matumbawe yakakosa mwanga. Mvuvi anayemaliza tasi wote kwenye mwamba mmoja analeta hali hiyo baharini, nalo ni jambo la kufikiriwa na sisi watoto wa wavuvi.

CHOKAA

Hii ndiyo sehemu ya somo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu wazee wetu waliijua nusu yake.

Nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe. Mawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha yakazimwa kwa maji. Kwa lugha ya kemia, moto huifukuza kaboni dayoksaidi kutoka kwenye kalsiamu kabonati. Kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56. Likitiwa maji hupatikana kalsiamu haidroksaidi, ndiyo chokaa iliyozimwa. Ikipakwa ukutani huvuta tena kaboni dayoksaidi kidogo kidogo kutoka hewani, ikarudi kuwa jiwe. Ukuta mzee wa chokaa ni tumbawe lililokwenda likarudi.

Sasa tazameni kwenye tangi. Maji ya bahari yana kalsiamu kiasi cha miligramu 400 na kidogo kwa kila lita. Matumbawe yakijenga huichukua. Baharini haipungui kwa namna ya kuonekana. Kwenye tangi hupungua kila siku. Tuseme katika lile tangi la lita 800,000 imepungua miligramu 10 tu kwa lita. Mara 800,000, ni gramu 8,000, kilo 8 za kalsiamu. Na kwa kuwa katika kila gramu 100 za kalsiamu kabonati mna gramu 40 za kalsiamu, basi matumbawe yamejenga kilo 20 za jiwe. Asiyezirudisha kilo hizo atayaona matumbawe yake yamesimama kukua.

Huzirudisha vipi? Njia moja ni maji ya chokaa, chokaa ileile iliyozimwa, iliyo safi. Huyeyushwa katika maji matamu, ikaachwa ituame, na maji maangavu ya juu hudondoshwa polepole. Ni makali mno, yakimwagwa kwa pamoja huua. Kwa hiyo watu wengi huyadondosha usiku, wakati maji ya tangi yanapoelekea uchachu. Njia nyingine ni pipa lililojaa vipande vya matumbawe makavu. Maji hupitishwa humo pamoja na kaboni dayoksaidi, yakawa machachu kidogo, yakayeyusha vipande, yakarudi tangini yamebeba jiwe lililoyeyuka. Wazee walibomoa matumbawe wapate chokaa; hawa hutoa chokaa wapate matumbawe.

Mtaelewa pia kwa nini wataalamu wana wasiwasi na moshi wa viwanda na magari. Kaboni dayoksaidi ikizidi hewani huingia baharini na kuyafanya maji yaelekee uchachu, na kujenga jiwe kukawa kugumu zaidi. Bahari haijafikia hali ya lile pipa, la hasha, lakini njia ni hiyohiyo.

MRUTUTU NA KARANTINI

Samaki wakipata vijidudu vya ngozi, dawa ya zamani ni mrututu, ambao ndani yake mna shaba. Shaba kidogo tu huua matumbawe, kamba na konokono. Basi samaki mgonjwa hutibiwa katika tangi lake peke yake, na hakuna bomba la shaba linaloruhusiwa kugusa maji ya mwamba. Mgeni yeyote, samaki au tumbawe, hukaa karantini kwanza. Sheria hii ni ngumu kuliko zote kufuatwa, kwani kila mtu ana haraka ya kuonyesha kitu kipya.

MWEZI WA TAA

Matumbawe mengi huzaa mara moja kwa mwaka, usiku, yote kwa pamoja, siku chache baada ya mwezi mpevu. Huachia mayai na mbegu majini kwa wakati mmoja. Ndani ya jengo hakuna mwezi. Katika Horniman Museum mjini London walitengeneza taa za kuiga macheo na machweo, majira ya mwaka, na mwezi tangu hilali mpaka mpevu, na mwaka 2013 matumbawe yao yakazaa. Huko Florida, Agosti 2019, The Florida Aquarium ilifanikiwa kwa tumbawe la nguzo la bahari ya Atlantiki, ambalo halikuwa limewahi kuzalishwa ndani ya maabara.

Haya si mchezo wa matajiri tu. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha matumbawe kuanzia Maldivi mpaka pwani ya Kenya na Tanzania, na mengi yakafa. Mwaka 2014 ugonjwa mpya ulionekana karibu na Miami ukaenea katika miamba ya Florida; tangu 2018 vipande vizima vilichukuliwa kabla haujavifikia, vikagawiwa kwa akwaria za majimbo mengi ya Marekani, vitunzwe kama mbegu ghalani. Katika kiangazi cha 2023 bahari ya Florida ilichemka kiasi kwamba matumbawe ya vitalu vya baharini yalihamishwa kwa maelfu yakapelekwa kwenye matangi ya nchi kavu. Na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kupauka kwa dunia nzima, kwa mara ya nne.

Kwa maoni yangu ghala hizo ni jambo jema, lakini tusidanganyike. Mwamba mkubwa wa Australia una urefu unaozidi kilomita 2,300, na tangi letu ni chumba cha mita 10 kwa 10. Mbegu iliyotunzwa inahitaji shamba, na shamba hilo ni bahari isiyochemka.

MASWALI

Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa hisabati, yakiwa na njia.

Tangi la madrasa lina lita 2,000: litahitaji kilo ngapi za chumvi? Katika tangi la lita 800,000 kalsiamu imeshuka kutoka miligramu 420 hadi 405 kwa lita: ni kilo ngapi za kalsiamu zimechukuliwa, na ni kilo ngapi za jiwe zimejengwa? Mhudumu mmoja hupoteza asilimia 1 ya maji kila wiki kwa kukauka, naye hujazia kwa maji ya bahari badala ya maji matamu: baada ya wiki 10 kila lita itakuwa na gramu ngapi za chumvi?