Mwenzangu Ana Malori ya Babake

SWALI: Nina programu ya simu ya kuwaunganisha wenye malori na wenye mizigo hapa Port Reitz, Mombasa. Rafiki yangu ana wazo kama hilo, ila babake ana malori. Je, nina nafasi?

JIBU: Unayo, ila ni finyu kuliko yake, na sitakuficha. Mwaka 1998 wanauchumi David Blanchflower na Andrew Oswald walionyesha, kwa takwimu za Uingereza, kwamba aliyerithi au kupewa fedha huelekea zaidi kujiajiri. Faida kubwa ya rafiki yako ni muda: akianguka leo, kesho atakula na kujaribu tena. Malori ya babake ndiyo wateja wake wa kwanza.

Ukifikiria kukopa ili umfikie, Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ya Kenya ulioanza Novemba 2022, hukopesha watu binafsi shilingi 500 hadi 50,000, za kulipwa ndani ya siku 14. Hizo zamfaa muuza mboga. Programu haiwezi kuzaa pesa kwa wiki mbili. Usizichukue kwa kazi hii.

Badala yake, tafuta wakala mmoja wa forodha pale Kipevu, umtafutie malori kwa simu na daftari tu, akulipe. Kama una kibarua, usikiache bado. Na huyo rafiki, mbona msiungane? Mwendee kabla hajaajiri mtu wa programu.