KAIMU ALIYEPATA KITI CHA ENZI

Mfalme akiwa mtoto, au mgonjwa, au asipoweza kutawala peke yake, huwekwa kaimu wa kushika kazi yake. Kaimu hana taji, lakini ana amri. Tazameni yaliyotokea Uhabeshi.

Mwaka 1916 wakuu wa nchi na wa kanisa walimwondoa Lij Iyasu, mjukuu wa Mfalme Menelik II, wakamweka Zauditu, binti Menelik, juu ya kiti. Ras Tafari, kijana wa miaka 24, akafanywa kaimu na mrithi.

Zauditu alivaa taji, bali mpini wa serikali ulikuwa mkononi mwa Tafari. Mwaka 1923 aliiingiza nchi katika Chama cha Mataifa. Mwaka 1924 alizuru Ulaya. Wazee wengi walichukia mambo mapya, wakamtegemea Malkia. Mwaka 1928 watu wa Malkia walijaribu kumwangusha Tafari, wasiweze. Malkia akalazimika kumpa cheo cha Negus, yaani mfalme, naye mwenyewe yu hai.

Machi 1930 Ras Gugsa, aliyekuwa mume wa Zauditu zamani, alipigana na jeshi la serikali, akauawa. Siku chache baadaye Malkia alikufa. Tarehe 2 Novemba Tafari alitawazwa, akaitwa Haile Selassie I.

Basi Tafari hakumwondoa Malkia kitini. Taji alivikwa mwaka 1930, lakini amri ilikwisha kumhamia kidogo kidogo kwa miaka 14.

MASWALI
1. Kaimu ni nani?
2. Kwa nini cheo cha Negus kilipunguza nguvu za Malkia?