Hifadhi Kompyuta Nzima Kabla Diski Haijafa

Somo kwa makatibu wa vyama, wenye saiba, walimu na kila mkaazi anayetunza kazi yake kwenye kompyuta

Tuseme wewe ni katibu wa chama cha wanachama 30. Michango ya miaka sita, mikopo na nambari za vitambulisho vyote viko kwenye kipakatalishi kimoja ambacho mlikinunua kikiwa kimetumika. Asubuhi moja unakiwasha, kinatoa mlio wa tik-tik, na Windows haifunguki. Wanachama watauliza nani amelipa na nani anadaiwa. Jibu la "kompyuta imeharibika" halitoshi, na linaweza kuvunja chama.

Diski huchakaa kama tairi la gari. Tofauti ni kwamba tairi lililoisha unaliona kwa macho, ilhali diski nyingi hufa bila kuaga. Habari njema ni kwamba ziko programu za bure za kuhifadhi diski nzima, na huhitaji kuwa fundi ili uzitumie.

Njia tatu za kuhifadhi

Ya kwanza ni kunakili faili. Unachukua barua, picha na hesabu zako na kuziweka kwenye flashi. Ni rahisi, na yafaa ifanywe kila wiki. Lakini Windows, programu ulizosakinisha na mipangilio yako havimo ndani ya nakala hiyo.

Ya pili ni nakala akiba ya diski nzima. Programu husoma diski yote na kuibana ndani ya faili maalum unazoweka kwenye diski ya nje. Diski ikifa, unanunua nyingine na kuirudishia kila kitu kama kilivyokuwa siku ile uliyohifadhi.

Ya tatu ni kudurufu. Diski moja inanakiliwa moja kwa moja juu ya nyingine, hata ziwe kama pacha. Hii hufaa unapohama kutoka diski kuu ya zamani kwenda SSD iliyo na kasi zaidi.

Programu zinazobebwa kwenye flashi

Clonezilla na Rescuezilla ni programu mbili za bure ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Clonezilla ilitengenezwa katika kituo cha kitaifa cha kompyuta za kasi huko Taiwan. Inafanya kazi kwa menyu za maandishi matupu, kwa hivyo inataka uzoefu kidogo. Rescuezilla ina vitufe vya kubofya, na inaweza kusoma nakala zilizotengenezwa na Clonezilla. Anayeanza aanze na Rescuezilla.

Hakuna kati ya hizi unayoisakinisha kwenye kompyuta. Unaiweka kwenye flashi, kisha unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo. Windows inabaki imelala, na ndiyo sababu programu huweza kunakili kila kitu bila faili yoyote kuwa inatumika. Hata Windows ikikataa kufunguka, maadamu diski yenyewe ni nzima, bado utaweza kuihifadhi. Flashi moja itatosha kompyuta zote za saiba au za shule.

Hatua kwa hatua

1. Pakua Rescuezilla kutoka tovuti rasmi ya programu hiyo, si kutoka kiungo ulichotumiwa na mtu.

2. Tafuta flashi ya GB 4 au zaidi. Tumia programu ya bure kama Rufus au balenaEtcher kuandika Rescuezilla kwenye flashi. Kumbuka, kila kilichokuwemo kwenye flashi kitafutika.

3. Ukitumia Windows, zima kompyuta huku umeshikilia kitufe cha Shift. Bila hivyo Windows huweza kulala nusu tu, na diski ikaonekana bado inatumika.

4. Chomeka flashi na diski ya nje. Washa kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa kompyuta nyingi za Dell na Lenovo ni F12, na kwa nyingi za HP ni F9.

5. Rescuezilla ikifunguka, bofya "Backup". Chagua diski ya kuhifadhi, kisha diski ya nje itakayopokea nakala. Programu hunakili sehemu zenye data tu, kwa hivyo diski ya GB 500 iliyotumika GB 60 haihitaji nafasi ya GB 500.

6. Kazi ikiisha, bofya "Verify Image" ili programu ikague nakala yako.

Chomeka chaja muda wote. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, usianze siku ambayo stima inakatika-katika.

Makosa yanayoumiza

Kosa kubwa kuliko yote ni kugeuza chanzo na mwisho. Unapodurufu, diski inayopokea hufutwa yote. Ukichagua kinyume, diski tupu itaandikwa juu ya kazi yako ya miaka sita. Na humu hutaona C: wala D:, bali majina kama sda na sdb. Tambua diski kwa ukubwa na kwa jina la kampuni iliyoitengeneza. Andika kwenye karatasi kabla ya kuanza, na uchomoe diski zote zisizohusika. Mwenzako akiwa karibu, mwombe asome skrini kwa sauti kabla hujakubali.

Kosa la pili ni kununua SSD ndogo. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, hata kama ya zamani imejaa nusu tu. Ukiwa na diski ya GB 500, SSD ya GB 240 itakusumbua. Ukishamaliza kudurufu, zima kompyuta na uondoe diski moja kabla ya kuwasha, maana Windows huchanganyikiwa ikikuta pacha wawili.

Kosa la tatu ni kusahau BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data kwenye diski. Tafuta ufunguo wake wa kurejesha kwanza na uuandike mahali salama. Bila ufunguo huo, huenda diski uliyoirejesha isifunguke.

Kosa la nne ni kulazimisha diski inayolia. Ukisikia tik-tik, zima. Kila dakika ya kuiendesha huweza kuongeza uharibifu. Mpelekee fundi mwenye ujuzi wa kuokoa data.

Nakala yako ikae wapi

Mafundi hufuata kanuni ya tatu, mbili, moja: kazi yako iwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na nakala moja ikae nje ya jengo. Moto, mafuriko au mwizi asiondoke na zote kwa siku moja. Chomoa diski ya nje ukimaliza, kwa sababu virusi vinavyofunga faili ili kudai fidia hufunga pia diski iliyochomekwa.

Kumbuka pia kwamba nakala yenye nambari za vitambulisho vya wanachama au rekodi za wagonjwa si mali yako peke yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza data za watu azilinde. Fungia diski hiyo kabatini kama unavyofungia pesa.

Mwisho, jaribu. Ukipata diski ya ziada, rejesha nakala yako humo na uone kama kompyuta itawaka. Nakala usiyoijaribu ni matumaini tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jipime

1. Kuna tofauti gani kati ya kunakili faili na kuhifadhi diski nzima?
2. Utatambuaje diski ya chanzo pale ambapo hakuna C: wala D:?
3. Kwa nini diski ya nje isiachwe imechomekwa?
4. Kompyuta yako ikifa usiku wa leo, utapoteza nini? Andika orodha, na uanze na kile kilicho juu.