NYANGUMI NA POMBOO WA PWANI: JINSI YA KUWATAZAMA

Watu wengi humhesabu nyangumi kuwa ni samaki mkubwa. Sivyo. Nyangumi na pomboo ni wanyama kama ng'ombe alivyo mnyama: damu yao ni ya moto, huvuta hewa kwa mapafu, huzaa, na huwanyonyesha watoto wao. Alama yao ni mkia. Samaki huupiga mkia kushoto na kulia, lakini hawa huupiga juu na chini. Na ule moshi mweupe aurushao nyangumi si maji aliyoyameza, bali ni pumzi yake itokayo kwa nguvu katika tundu lililo utosini.

Kila mwaka wakati wa kusi, yapata Julai hadi Septemba, nyangumi wenye nundu hufika katika bahari ya Kenya. Hutoka kwenye maji ya barafu ya kusini mwa dunia, safari ipitayo kilomita 6,000, waje kuzaa katika maji ya vuguvugu. Mkubwa wao huwa na urefu wa mita 14 hivi na uzito wa tani 30, yaani kama ndovu dume watano. Pomboo huonekana hata nje ya majira hayo, na mahali pao panaposifika ni Shimoni na Wasini, karibu na Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti.

Zamani nyangumi hao waliwindwa sana kwa ajili ya mafuta yao, hata ikabidi mwaka 1963 wale wa nusu ya kusini ya dunia wapigwe marufuku kuuawa. Siku hizi hatari nyingine huletwa na watu wasiokusudia ubaya wowote, nao ni watazamaji.

Sababu yake ni hii. Chakula cha nyangumi kiko kule kwenye barafu. Huku kwetu mama hapati cha kutosha. Miezi yote hiyo huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini, na maziwa ya mtoto hutoka katika mafuta hayo hayo. Kila mara akimbizwapo na mashua, huteketeza akiba ambayo ingalikuwa maziwa. Mfugaji wa bara ataelewa upesi: ni nani amkimbizaye ng'ombe anayenyonyesha wakati wa kiangazi, kisha akatumaini ndama atanenepa? Pomboo naye, kwa kuwa hana budi kupanda juu kuvuta pumzi, hulala nusu ya ubongo wake tu, nusu nyingine ikikesha. Akisumbuliwa katika usingizi huo mwepesi, usiku huwinda akiwa amechoka.

Kwa hiyo nahodha mwema hamwendei nyangumi kwa mbele, wala hamfuati nyuma moja kwa moja. Humjia kwa ubavuni, polepole, akienda sambamba naye, na kumwachia nafasi ya mita 100 ambayo ndiyo desturi katika nchi nyingi. Haingii kamwe kati ya mama na mtoto. Akikuta mashua nyingine zimekwisha fika, hungoja mbali, maana mashua tano zikimzunguka mnyama mmoja humfungia njia. Kuruka majini ili kumgusa ni ujinga: pigo moja la mkia laweza kumwua mtu.

Mnyama aliyechoshwa hujulikana. Hugeuza njia mara kwa mara, huzama kwa muda mrefu kuliko kwanza, hupiga maji kwa mkia, au mama hujiweka kati ya mashua na mtoto wake. Hapo yafaa kuondoka mara moja, hata kama abiria wanalalamika kwamba wamelipa. Manahodha wa Shimoni na Wasini hupata riziki kwa wageni hao, na mahali ambapo pomboo husumbuliwa kila siku, huweza kupahama.

Asiyefukuza mara nyingi huona zaidi. Mashua iendapo taratibu bila kugeukageuka, pomboo huja wenyewe na kupanda wimbi la omo, wakiteleza mbele yake mpaka watakapochoka na mchezo huo.